Kasoro Huanzia Ukumbini: Mnyororo wa Kazi ya Video Mjini Babati

Muulize edita yeyote wa Babati kinachomkwamisha, jibu la kwanza litakuwa mashine. Kompyuta inaganda, video inacheza kwa kurukaruka, kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kunakesha usiku kucha halafu kunakatika alfajiri ikiwa imebaki robo tu. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini yanaeleza pale tatizo lilipoonekana, wala hayaelezi lilikoanzia. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo tunayokutana nayo mbele ya kioo cha kompyuta huzaliwa mapema zaidi: ukumbini, ndani ya kadi, wakati wa kunakili, au kwenye kikao kile kile ambapo bei ya kazi ilikubaliwa. Anayenunua kompyuta mpya bila kugusa hatua hizo za mwanzo atakutana na matatizo yale yale kwenye mashine ya bei kubwa zaidi.

Babati ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili lote kwa pamoja. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na mji huu ukawa makao makuu yake. Barabara za kutoka Arusha, Singida na Dodoma kupitia Kondoa zinakutana hapa. Pamoja na ofisi za mkoa zilikuja semina, uzinduzi wa miradi, mahafali na ziara za viongozi, na kila kimoja kikataka kupigwa video. Tarehe 14 Oktoba 2023 kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilifanyika hapa, katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Hata hivyo riziki ya kila wiki ya watu wa video ni sherehe za familia: harusi, sendofu, kipaimara, komunyo ya kwanza, maulidi, mahafali ya shule.

Kazi hizo haziji kwa mgawanyo sawa. Kwaresima huzipunguza kwa Wakristo na Ramadhani kwa Waislamu, halafu baada ya mavuno ya mahindi na mbaazi zinarundikana, na Desemba watu wakirudi nyumbani zinarundikana tena. Edita anaweza kuwa na Jumamosi nne za kazi mfululizo huku video ya Jumamosi ya kwanza bado haijaguswa. Na kifaa kikifa Ijumaa jioni, maduka yenye vipuri vya kueleweka yako Arusha, safari ya kilomita 170 hivi. Katika mazingira hayo, kumaliza kazi kunategemea zaidi jinsi hatua zake zilivyopangwa kuliko ubora wa kifaa kimoja kimoja.

Kanda iliondoka na ghala lake

Kabla ya kadi kulikuwa na kanda: VHS, kisha MiniDV iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1990. Kanda ya kawaida ya MiniDV ilibeba dakika 60 za video ya megabiti 25 kwa sekunde, na pamoja na sauti na data za ziada ikafika gigabaiti 13 hivi. Kuiingiza kwenye kompyuta kulichukua muda ule ule wa kuitazama. Saa moja ya kanda ilikula saa moja ya kusubiri. Mafundi wengi walifurahi kuachana na usumbufu huo.

Lakini kanda ilikuwa na faida moja ambayo haikuonekana wakati ule. Ikishaingizwa, ilibandikwa jina na tarehe ikarudi kabatini. Kompyuta ikifa, harusi ilikuwa bado ipo. Kadi imeondoa kusubiri, na kwa siri imeondoa pia ghala, kwa sababu kadi hufutwa ili Jumamosi ijayo ipate nafasi. Utaratibu wa zamani uliokuwa ukijilinda wenyewe ulivunjika, na katika studio nyingi ndogo hakuna uliowekwa mahali pake. Matatizo mengi yatakayofuata hapa chini yanatokana na pengo hilo.

Ukumbini: umeme, fremu na sauti

Tuanze na kasoro ambayo karibu kila mtu ameiona na wachache wanajua chanzo chake: mistari ya giza inayotambaa kwenye picha, au ukumbi mzima unaofifia na kung'aa wakati bwana na bibi harusi wanaingia. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50. Taa za mirija, na taa nyingi za LED za bei nafuu, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa kuufuata umeme huo. Jicho halioni, kamera inaona. Ukiweka shata 1/50, kila fremu inapata mimuliko miwili kamili. Ukiweka 1/100, inapata mmoja kamili. Ukiweka 1/60, ambayo hufaa nchi zenye umeme wa hezi 60 kama Marekani, fremu moja inapata mwanga mwingi na nyingine kidogo, na hapo mistari inazaliwa.

Tiba yake ni ya sekunde chache kabla ya kazi: kwenye menyu ya kamera chagua mfumo wa PAL badala ya NTSC, weka fremu 25 kwa sekunde, na shata 1/50. Taa za mapambo zenye kidhibiti cha mwanga zinaweza kuwa na mwendo wake wenyewe. Kwa hizo, badilisha shata kidogo kidogo huku ukiangalia kioo hadi mistari itulie. Kuna programu za kupunguza mimuliko baada ya kurekodi, lakini zinakula saa nyingi za mashine na mara nyingi huacha picha imefifia. Dakika moja iliyokosekana ukumbini inalipwa kwa usiku mzima studioni.

Kasoro ya pili ni mchanganyiko wa fremu. Kamera ya kwanza imewekwa fremu 25, ya pili 30, na binamu wa bibi harusi ameombwa asaidie kwa simu. Programu ya kuhariri italazimika kutupa au kurudia baadhi ya fremu ili zote zikae kwenye taimulaini moja, na matokeo yake ni mwendo wa kushtukashtuka, hasa maharusi wanapotembea au kwaya inapocheza. Simu ina tatizo la ziada: nyingi hazirekodi kwa kasi thabiti. Mwanga ukipungua, au simu ikipata joto, idadi ya fremu kwa sekunde inapanda na kushuka. Video ikiingizwa hivyo hivyo, midomo na maneno huanza kuachana taratibu. Ndiyo maana faili za simu zinapaswa kupitishwa kwanza kwenye programu ya bure kama HandBrake au Shutter Encoder, zigeuzwe kuwa fremu 25 thabiti, ndipo ziingie kwenye mradi.

Sauti ndiyo inayosamehe kidogo kuliko vyote. Picha yenye giza kiasi inaweza kuinuliwa; sauti iliyopasuka hairudi. Ukichukua sauti kutoka kwenye miksa ya DJ, muombe MC aseme kwa nguvu zake zote kabla wageni hawajaingia, kisha shusha kiwango hadi kilele chake kiishie karibu desibeli 12 chini ya sifuri. Weka kinasa sauti kwenye kilohezi 48, ambacho ndicho kipimo cha video. Na hata ukiwa na waya wa miksa, iache maiki ya kamera ikirekodi pia: siku waya unapochomolewa na mtu anayepita na sahani, sauti hiyo ya pili ndiyo itakayobeba kiapo cha ndoa.

Kadi: wakati wa kunakili

Katika mnyororo wote, kiungo chembamba kuliko vyote ni kile kipande cha plastiki kinachobeba siku nzima ya watu. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kujulikana kwa kichwa. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inaandika megabaiti 750 kwa dakika, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 itajaa baada ya dakika 85 hivi. Kwa megabiti 50 ni gigabaiti 22.5 kwa saa. Harusi ya kamera mbili, kila moja ikirekodi saa sita kwa kiwango hicho, ni gigabaiti 270. Asiyefanya hesabu hii kabla ataifanya keki ikikatwa.

Kadi bandia ni janga la pekee. Imeandikwa gigabaiti 128 juu yake, ndani ina 16, na imechezewa ili kompyuta iamini maandishi ya juu. Itarekodi bila kulalamika. Nafasi halisi ikiisha, kinachoandikwa baadaye kinapotea au kinafunika cha mwanzo. Unagundua studioni, kanisa likiwa limeshafungwa. Kinga yake ni kuipima kila kadi mpya kabla haijaona kazi: programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, huijaza kadi nzima kisha kuisoma tena kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kipo. Inachukua muda, na inafanywa mara moja tu. Pia angalia alama ya kasi: kadi yenye alama ya V30 au U3 imeahidi kuandika walau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, na hiyo inatosha kwa kamera nyingi za harusi.

Sasa tukae kwenye wakati wa kunakili, maana hapo ndipo kazi nyingi hupona au hufa. Ni usiku, umechoka, umekula pilau umesimama. Kabla ya kitu chochote, sogeza kile kitufe kidogo ubavuni mwa kadi kwenda kwenye alama ya kufuli ili isiandikwe tena. Tengeneza folda yenye tarehe mwanzoni ili folda zijipange zenyewe: 2025-08-16_HARUSI_DAREDA. Ndani yake weka folda ya kamera A, ya kamera B, ya sauti, ya muziki, ya mradi, na ya kazi iliyokamilika. Nakili kadi nzima pamoja na folda zake zote, usichague faili. Kamera za AVCHD hukata rekodi ndefu katika vipande na kuweka maelezo ya kuviunga kwenye folda za pembeni. Ukichukua faili za MTS, yaani zile za video, peke yake, sekunde kati ya kipande na kipande zinaweza kuruka. Kisha linganisha: idadi ya faili na ukubwa wa jumla kwenye kadi na kwenye diski viwe sawa kabisa. TeraCopy inaweza kuthibitisha kila faili baada ya kunakili. Fungua video tatu au nne, moja ya mwanzo, moja ya katikati, moja ya mwisho, uone zinacheza. Halafu nakili kwenye diski ya pili. Kadi haifutwi usiku huo. Inafutwa asubuhi ya kazi inayofuata, ndani ya kamera yenyewe, baada ya kuhakikisha nakala mbili zipo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na hakuna kazi inayoithibitisha methali hiyo kuliko hii. Daftari la kawaida lenye safu nne, yaani tarehe, kazi, diski ya kwanza na diski ya pili, linatosha kwa studio yoyote ya mjini hapa.

Na kama ajali imeshatokea? Kadi ikifutwa kwa bahati mbaya, kanuni ya kwanza ni kuacha kurekodi papo hapo. Data haiondoki mara moja; inaondoka ikifunikwa na nyingine. PhotoRec, ambayo ni ya bure, inaweza kuokoa mengi, mradi unachookoa kihifadhiwe kwenye diski nyingine. Betri ikifa katikati ya kurekodi, faili ya MP4 inakataa kufunguka kwa sababu kamera nyingi huandika faharasa ya faili mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Picha zipo, faharasa haipo. Programu ya Untrunc hujaribu kuitengeneza upya kwa kuazima mfano wa faili nzima iliyorekodiwa na kamera ile ile kwa mpangilio ule ule. Kwa hiyo faili iliyokataa kufunguka usiifute, na kadi usiifomati, hadi ujaribu njia hiyo.

Kwa nini mashine inakwama

Hapa ndipo lawama zote hupelekwa, na hapa panahitaji maelezo. Kamera nyingi za leo hubana video kwa kodeki ya H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, au H.265 ya mwaka 2013. Kodeki hizi haziandiki kila fremu nzima. Zinafanya anavyofanya katibu wa kamati ya harusi: kikao cha kwanza anaandika orodha yote ya michango, vikao vinavyofuata anaandika tu nani ameongeza na nani amejitoa. Anayetaka kujua hali ilivyokuwa kikao cha saba hana budi arudi kwenye cha kwanza na kufuata mabadiliko yote. Kompyuta hufanya hivyo hivyo kila unaposogeza mshale kwenye taimulaini. Kwa kutazama video moja kwa moja si tatizo. Kwa kuhariri, ambako unaruka mbele na nyuma mara elfu, ni mzigo mzito.

Kwa hiyo mashine ya kawaida inapokwama, dawa ya kwanza haina gharama: faili za prokisi. Programu hutengeneza nakala ndogo na nyepesi za video zako, kwa kodeki inayoandika kila fremu nzima. Unahariri kwa hizo, na wakati wa kurenda programu yenyewe inarudi kwenye faili halisi. Premiere Pro, DaVinci Resolve na Edius zote zina uwezo huo. Ziache zitengenezwe usiku, asubuhi unahariri kwenye mashine ile ile uliyoilaani jana.

Kama lazima ununue, nunua kwa kujua. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba, na muuzaji hutaja ukubwa wa diski na maneno Core i7 basi. Cha kuuliza ni kizazi. Chipu za Intel zilianza kufungua H.265 ya biti 10 ya kawaida kwa saketi yake maalumu kuanzia kizazi cha 7. Ile ya 4:2:2, inayotolewa na kamera nyingi mpya, inataka kizazi cha 11 kwenda juu. Core i5 ya kizazi cha 11 inaweza kuishinda Core i7 ya kizazi cha 4 kwa mbali katika kazi hii. Baada ya hapo angalia RAM isipungue gigabaiti 16, na SSD kwa ajili ya mfumo na kashe. Diski ya kuzunguka inafaa kutunzia, haifai kuharirishia.

Kisha kuna vumbi na joto. Kiangazi cha Babati kina vumbi linaloingia kila tundu. Feni ikiziba, chipu hujilinda kwa kupunguza kasi, na edita anasema kompyuta imezeeka. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mashine inaanza vizuri, baada ya dakika ishirini inalegea, ukiizima ikapoa inarudi vizuri. Ifunguliwe, isafishwe, ipakwe upya gundi ya kupitisha joto juu ya chipu, na isiwekwe juu ya kitambaa cha meza.

Umeme nao una sheria zake. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ina UPS yake ndani, lakini diski ya nje yenye waya wake wa umeme haina. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, mfumo wa exFAT huumia kirahisi zaidi kuliko NTFS, kwa sababu hauna kumbukumbu ya hatua ulizokuwa ukifanya. UPS ndogo kwa kompyuta ya mezani na diski ni lazima kwa anayefanya kazi hii. Weka programu ijihifadhi yenyewe kila dakika tano, na nakala hizo ziende kwenye diski tofauti na ile yenye mradi.

Kutafuta chanzo bila kubahatisha

Fundi mzuri hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwenye papara huondoa programu, anasakinisha upya, anabadilisha draiva na kuhamisha faili kwa pamoja. Tatizo likiisha hajui lilikuwa nini, likirudi anaanza upya.

Chukua mfano wa sauti inayoachana na picha. Swali la kwanza ni moja: pengo ni lile lile mwanzo na mwisho, au linakua? Kama ni lile lile, sogeza sauti, umemaliza. Kama linakua, kasi mbili hazilingani, na kusogeza hakutasaidia. Video ya fremu 29.97 ikichukuliwa kuwa ni ya 30 hupishana na sauti kwa sekunde 3.6 kila saa. Na kama pengo linakua na kupungua ovyo, hiyo ni simu yenye kasi isiyo thabiti, rudi kwenye HandBrake.

Mfano wa pili ni kurenda kunakokatika. Tazama kunakatika wapi. Kukikatika sehemu ile ile kila mara, tatizo liko kwenye taimulaini: faili mbovu, plagini, picha kubwa kupita kiasi, au fonti. Nenda kwenye dakika hiyo, ondoa athari moja baada ya nyingine, au geuza kipande hicho kuwa faili mpya kisha ukirudishe. Kukikatika mahali tofauti kila mara, shuku mashine: joto, RAM, draiva ya kadi ya picha, au diski C iliyojaa kashe. Jaribu kurenda kwa chipu kuu peke yake bila kadi ya picha. Kutachelewa, lakini kukifika mwisho umeshajua mkosaji. Kwa kazi ndefu, renda vipande vya nusu saa kisha uviunganishe, ili usipoteze usiku mzima kwa kosa la dakika ya mwisho.

Programu ikisema haioni faili, mara nyingi diski ya nje imepewa herufi nyingine na Windows. Ipe kila diski herufi yake ya kudumu, uiandike kwa kalamu juu ya kasha. Mradi ukigoma kufunguka, tengeneza mradi mpya mtupu, ingiza ule wa zamani ndani yake. Na watumiaji wa DaVinci Resolve wakumbuke kwamba kawaida mradi wao hukaa ndani ya hifadhidata ya programu, haupo kwenye folda ya harusi. Usipoutoa nje na kuutunza, kompyuta ikifa inaondoka nao.

Programu za kuvunjwa nazo ni chanzo cha matatizo, na lazima zitajwe kwa uwazi. Premiere Pro hulipiwa zaidi ya dola 20 kwa mwezi, fedha nyingi kwa studio ndogo, na ndiyo maana wengi huishia kwenye nakala za wizi. Lakini virusi vya kufunga mafaili kama STOP/Djvu vimesambaa duniani hasa kwa kujificha ndani ya programu za aina hiyo, na mwathirika huamka akakuta harusi zote zimefungwa na anadaiwa fidia. DaVinci Resolve ya bure inafika hadi picha ya 3840 kwa 2160 na fremu 60 kwa sekunde, na Kdenlive na Shotcut ni bure kabisa. Kwa kazi za Babati, uwezo huo unatosha na unabaki.

Kukabidhi

Kazi inaweza kupita salama hatua zote ikafia kwenye televisheni ya mteja. Flash nyingi hufomatiwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja inayozidi gigabaiti 4. Video ya saa tatu kwa megabiti 8 kwa sekunde ni gigabaiti 10.8, haiingii. Ukibadilisha flash kuwa exFAT, faili itaingia, lakini televisheni nyingi za zamani hazitaisoma. Suluhisho la uhakika ni kuigawa video katika sehemu za saa moja moja, kila moja gigabaiti 3.6 pamoja na sauti kidogo juu yake: Ibada, Ukumbini, Zawadi. Tumia H.264 ya biti 8 na sauti ya AAC ndani ya MP4. H.265 ya biti 10 itapendeza kwenye simu yako na kuleta kioo cheusi sebuleni kwa wazazi kule Galapo au Magugu.

Kwa WhatsApp, tengeneza toleo fupi na ulitume kama hati, kwa sababu video inayotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa tena hadi sura zinafutika. Kwa YouTube, kumbuka kwamba mfumo wake hutambua nyimbo zenye wenyewe. Video ya familia inaweza kuzuiwa au kuwekewa matangazo ya mwenye wimbo. Mweleze mteja mapema, au weka muziki wenye ruhusa katika toleo la mtandaoni.

Nani analipia diski ya pili?

Tunafika kwenye mzizi. Kanuni ya kutunza nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, iliyotangazwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, inajulikana hata kwa mafundi wetu. Haifuatwi kwa sababu haimo kwenye bei. Kamati ya harusi inajadiliana siku ya kupiga na siku ya kuhariri, inashusha bei, na hakuna anayetaja utunzaji. Harusi ishirini za gigabaiti 270 ni terabaiti 5.4 kwa nakala moja tu. Edita asiyelipwa kwa hilo atafuta, na atafuta bila kumwambia mtu.

Dawa ni mkataba wa ukurasa mmoja wenye mstari wa utunzaji. Bei ya kazi ni hii. Faili halisi zitatunzwa miezi sita katika diski mbili. Baada ya hapo mteja aje na diski yake azichukue, au alipie mwaka mwingine, au akubali zifutwe. Mstari huo unamlinda mteja na unamlinda fundi. Unasaidia pia kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: anayeshika sura, sauti na siri za watu anapaswa kujua ziko wapi, nani anazifikia na zitafutwa lini. Kompyuta yenye video za wateja isipelekwe kwa fundi wa matengenezo bila kutoa diski.

Na thamani ya utunzaji inazidi harusi. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliangukia Katesh, katika wilaya jirani, na kuua watu wengi. Mitaa ilibadilika sura siku moja. Kwa familia zilizopoteza nyumba na albamu, video ya mahafali au ya kipaimara iliyobaki kwa edita inaweza kuwa ndiyo sura na sauti pekee iliyobaki ya mtu wao. Studio za Babati, bila kuteuliwa na yeyote, ndizo zinazoshika kumbukumbu ya Manyara ya miaka hii.

Je, hii ina maana kwamba mashine haina umuhimu? La. Anayehariri kazi za kamera nne kwa picha kubwa anahitaji mashine ya kazi hiyo, na hakuna utaratibu utakaoigeuza kompyuta ya kizazi cha 2 kuwa ya leo. Suala ni mpangilio wa matumizi ya fedha. Kwa fundi anayeanza au anayejikwamua, mpangilio unaofaa ni huu: kwanza kadi halali zilizopimwa, pili diski mbili za kutunzia, tatu UPS, nne SSD na RAM kwa mashine iliyopo, na mwisho kompyuta mpya. Vitatu vya mwanzo vinalinda kitu kisichoweza kurudiwa. Viwili vya mwisho vinapunguza muda wa kusubiri. Mteja atavumilia kuchelewa kwa wiki mbili. Kupotea kwa ndoa yake hatakuvumilia, na hana sababu ya kukuvumilia. Edita aliyeupanga mnyororo wake hivi atakubali kazi ya Jumamosi ijayo bila kuhofia ile ya Jumamosi iliyopita, na hata ataweza kutaja bei yake mbele ya kamati kwa kujiamini, kwa sababu anajua kila shilingi inalinda nini.